Lita kwa Kitanda, Yuniti kwa Mgonjwa: Somo la Kupima Maji na Umeme katika Hospitali za Mara

Utangulizi

Mgonjwa anapolazwa wodini, vipimo huanza mara moja. Joto la mwili huandikwa, mapigo ya moyo huhesabiwa, shinikizo la damu hupimwa, na maji yanayoingia na kutoka mwilini huwekwa kwenye chati. Muuguzi anayeingia zamu ya usiku husoma chati hiyo na kujua hali imepanda au imeshuka. Hata hivyo, jengo lenyewe linalomhifadhi mgonjwa huyo, ambalo nalo huingiza maji na umeme na kutoa majitaka na joto, mara nyingi halina chati yoyote. Ankara huja, hulipwa au hulimbikizwa, kisha hufungiwa kabatini.

Somo hili linahusu chati ya jengo. Limeandikwa kwa ajili ya waganga wafawidhi, wauguzi, makatibu wa afya, maafisa afya na mafundi wa hospitali na vituo vya afya vya Musoma, Bunda na Butiama, pamoja na wagonjwa na ndugu zao, ambao ndio wa kwanza kuumia bomba linapokauka.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma, msomaji aweze:

1. kueleza maana ya kulinganisha matumizi ya maji na nishati katika jengo kubwa;
2. kukokotoa mahitaji ya chini ya maji ya kituo chake na kuyalinganisha na dira;
3. kutambua uvujaji kwa kipimo cha usiku;
4. kutofautisha matumizi yanayopungua kwa sababu ya uangalifu na yale yanayopungua kwa sababu huduma imedorora.

Maana ya ulinganishaji wa matumizi

Kulinganisha matumizi ni kuchukua kiasi cha maji au umeme kilichotumika kwa kipindi fulani, kukigawa kwa ukubwa wa kazi iliyofanyika, kisha kukiweka kando ya kipimo kingine: matumizi ya jengo lilelile mwaka uliopita, ya jengo jingine la aina hiyo, au kiwango kilichowekwa na wataalamu.

Kugawa ndiko kunakoipa namba maana. Hospitali iliyotumia yuniti 7,200 za umeme mwezi Machi na 6,600 mwezi Aprili huonekana imeokoa umeme. Lakini ikiwa Machi ilikuwa na siku-kitanda 1,800, yaani wastani wa takribani wagonjwa 58 waliolazwa kila siku kwa siku 31, na Aprili siku-kitanda 1,200 tu, basi kila siku ya mgonjwa ilitumia yuniti 4 Machi na yuniti 5.5 Aprili. Ankara ilishuka ilhali matumizi yaliharibika. Asiyegawa hawezi kuliona jambo hilo.

Miji na nchi zilizoweka sheria

Jiji la New York, Marekani, lilipitisha mwaka 2009 sheria namba 84 inayowataka wenye majengo makubwa kutoa taarifa ya matumizi ya nishati na maji kila mwaka. Mwanzoni iligusa majengo yenye futi za mraba zaidi ya 50,000, sawa na takribani mita za mraba 4,600. Baadaye kiwango kilishushwa hadi futi za mraba 25,000. Chicago ilipitisha sheria yake ya nishati mwaka 2013, na siku hizi majengo yanayohusika hupewa nyota kuanzia sifuri hadi nne, zinazotakiwa kubandikwa mahali ambapo watu wataziona. Nguvu ya sheria hizi ni uwazi: mpangaji, mnunuzi na mwananchi wanaweza kujua ni jengo gani linafuja.

Karibu zaidi nasi, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, Kenya ilitoa mwaka 2012 Kanuni za Usimamizi wa Nishati. Chini ya kanuni hizo, taasisi inayotumia yuniti 180,000 za umeme au zaidi kwa mwaka, ambazo ni wastani wa yuniti 15,000 kwa mwezi, ilitakiwa kufanyiwa ukaguzi wa nishati na mtaalamu mwenye leseni kila baada ya miaka mitatu, kisha kufikia angalau nusu ya uokoaji wa nishati uliobainishwa. Hospitali kubwa huingia katika kundi hilo kwa urahisi.

Hapa Tanzania wazo la kulinganisha si geni. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, hutoa kila mwaka taarifa ya utendaji inayozilinganisha mamlaka za maji, zikiwemo za Musoma na Bunda, kwa vigezo kama saa za huduma na kiasi cha maji yanayopotea kabla ya kulipiwa. Katika afya, vituo vya msingi vimepimwa kwa mfumo wa nyota tangu mwaka 2015, na takwimu za wagonjwa hukusanywa kila mwezi kupitia MTUHA. Kwa hiyo mamlaka inayotuuzia maji hulinganishwa, na huduma tunayoitoa hulinganishwa. Kilichobaki katikati, bila kipimo, ni jengo linalopokea maji hayo na kuyageuza kuwa huduma. Kazi hiyo haihitaji kusubiri amri.

Mara: ziwa liko karibu, maji yana gharama

Mgeni anayesimama Musoma na kulitazama Ziwa Victoria anaweza kudhani kuwa kuhesabu lita hapa ni kujisumbua. Lakini maji ya ziwa hayajiendei yenyewe wodini. Husukumwa kwa pampu za umeme, husafishwa, hutiwa klorini, kisha hupandishwa kwenye matangi. Uso wa ziwa uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na makazi mengi ya mkoa yako juu ya hapo. Mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama huchota maji ziwani na kuyapandisha hadi vilimani. Bunda nayo hutegemea maji yanayosukumwa kutoka ziwani. Kila lita inayovuja uani kwa hospitali ni lita iliyokwisha kulipiwa umeme na dawa ya kusafishia.

Kuna sababu ya kitabibu pia. Bomba linalovuja hutoa maji nje wakati kuna msukumo. Msukumo unapokatika, tundu lilelile huweza kunyonya uchafu wa udongoni na kuuingiza ndani. Maji yanaporudi, glasi ya kwanza inaweza kufika kwa mama aliyejifungua usiku ule. Na bomba likikauka kabisa, ndugu hubeba ndoo kwenda kwenye chanzo chochote, pengine ziwani kwenyewe, ambako ngozi inayogusa maji hujiweka katika hatari ya kichocho, ugonjwa uliozoeleka kandokando ya ziwa hili.

Kiwango cha chini ambacho hospitali isishuke

Hapa ndipo hospitali inapotofautiana na jengo la ofisi. Katika ofisi, kadiri namba inavyopungua ndivyo sifa inavyoongezeka. Hospitali ina sakafu: chini ya kiasi fulani cha maji, mikono haioshwi, mashuka hayafuliwi, na damu haiondolewi sakafuni ipasavyo. Shirika la Afya Duniani, katika viwango vyake vya mwaka 2008 vya afya ya mazingira katika vituo vya huduma, lilipendekeza kiasi hiki cha chini:

- mgonjwa wa nje: lita 5 kwa kila hudhurio;
- mgonjwa aliyelazwa: lita 40 hadi 60 kwa siku;
- chumba cha upasuaji au cha kujifungulia: lita 100 kwa kila upasuaji au kila uzazi.

Namba hizi tatu, pamoja na takwimu za MTUHA ambazo kila kituo kinazo, zinatosha kuanzisha hesabu.

Hesabu ya kwanza: hospitali inayotumia kupita kiasi

Tuchukue hospitali ya kufikirika yenye wastani wa wagonjwa 60 waliolazwa kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ina siku-kitanda 1,800, mahudhurio ya wagonjwa wa nje 3,000, akina mama 150 waliojifungua na upasuaji 60. Tutumie lita 60 kwa mgonjwa aliyelazwa.

- Waliolazwa: 1,800 × 60 = lita 108,000
- Wagonjwa wa nje: 3,000 × 5 = lita 15,000
- Uzazi: 150 × 100 = lita 15,000
- Upasuaji: 60 × 100 = lita 6,000
- Jumla: lita 144,000

Katika ankara ya maji, yuniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000. Mahitaji ya hospitali hii ni yuniti 144. Dira ilisoma 14,320 tarehe mosi na 14,644 mwisho wa mwezi. Tofauti ni yuniti 324. Kuna yuniti 180 zinazotafutiwa maelezo. Baadhi zina maelezo halali: jiko, nyumba za watumishi zilizounganishwa kwenye bomba hilohilo, na ndugu wanaofua na kuoga. Je, hayo yanafika yuniti 180? Swali hilo hujibiwa usiku.

Dira inayozunguka usiku

Kipimo cha usiku hakihitaji kifaa cha kununua. Mchana, hakikisha matangi yamejaa. Saa 5 usiku, fundi afunge koki ya kuingiza maji kwenye tangi na koki ya tawi la nyumba za watumishi, baada ya kuwaarifu walengwa na zamu ya usiku. Wodi zitaendelea kupata maji kutoka kwenye tangi, hivyo huduma haitaguswa. Asome dira na kuandika. Saa 11 alfajiri asome tena, kisha afungue koki zote.

Kwa kuwa hakuna maji yanayopaswa kupita, namba mbili hizo zinatakiwa zifanane. Tuseme katika hospitali yetu zimetofautiana kwa mita za ujazo 0.9. Hizo ni lita 900 kwa saa sita, lita 150 kwa saa. Kwa mwezi wa saa 720, uvujaji huo unafikia lita 108,000. Msomaji arejee kwenye hesabu ya juu: kiasi hicho ni sawa na mahitaji ya wagonjwa wote waliolazwa kwa mwezi mzima. Kinapotea ardhini kati ya dira na tangi, na hospitali inakilipia.

Dira ikitulia koki zikiwa zimefungwa lakini maji ya tangi yakashuka haraka usiku, tatizo liko baada ya tangi: choo kinachotiririka, bomba la sinki lisilofunga, au muunganiko uliooza chini ya sakafu. Tangi likifurika, boya lake limekufa. Mgawanyo huu humwokoa fundi asichimbe uwanja mzima.

Hesabu ya pili: namba ndogo iliyo hatari

Sasa tuchukue kituo cha afya cha kufikirika chenye wastani wa wagonjwa 12 waliolazwa kwa siku, mahudhurio 1,800 ya wagonjwa wa nje na akina mama 90 waliojifungua kwa mwezi. Hata tukitumia kiwango cha chini kabisa cha lita 40, mahitaji ni lita 14,400 kwa waliolazwa, 9,000 kwa wagonjwa wa nje na 9,000 kwa uzazi. Jumla lita 32,400. Dira inaonyesha yuniti 14, ambazo hazifiki nusu.

Katika orodha ya jiji la kigeni, jengo hili lingeweza kusifiwa kwa kubana matumizi. Mkunga wa kituo hicho anajua ukweli mwingine. Ama maji hutoka saa chache, ama ndugu huja na ndoo zao, ama kazi zinazohitaji maji zimepunguzwa kimyakimya bila mtu kuamua. Kabla ya kutoa hukumu, ongeza kwenye hesabu maji ya mvua, ya kisima, ya boza na ya ndoo. Ikiwa bado jumla haifiki lita 32,400, tatizo si la ankara tena. Ni la uambukizo, na linastahili kufika kwenye kikao cha kwanza cha Kamati ya Usimamizi wa Kituo likiwa na namba mkononi.

Kanuni ya somo hili, kwa hiyo, ni hii: hospitali isome namba yake kwa kutazama pande mbili, ufujaji juu na upungufu chini.

Umeme: yuniti zipi zipunguzwe, zipi zilindwe

Yuniti moja ya umeme ni matumizi ya wati 1,000 kwa saa moja. Kifaa cha kuzalisha oksijeni wodini hutumia takribani wati 350. Kikiwashwa saa 24 kinakula yuniti 8.4 kwa siku, na takribani yuniti 252 kwa mwezi. Mwezi ambao watoto wengi wenye nimonia wamelazwa, yuniti zitapanda, na zinapaswa kupanda. Vivyo hivyo kwa friji ya chanjo inayotakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, taa ya kuwatibu watoto wachanga wenye manjano, mwanga wa chumba cha kujifungulia, na mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke. Hizi ni yuniti za kulindwa.

Za kupunguzwa ni nyingine. Taa za nje zinazowaka mchana. Kiyoyozi cha ofisi kilichoachwa kikifanya kazi mwishoni mwa juma, au chenye kichujio kilichoziba vumbi. Mashine ya kutakasa inayowashwa mara nne kwa vifaa ambavyo vingetosha mara mbili. Taa za zamani ambazo za LED zingetoa mwanga uleule kwa umeme mdogo zaidi. Na pampu inayojaza tangi linalovuja: hapo maji na umeme hupotea pamoja.

Tahadhari mbili katika kuandika. Kwanza, kwa wenye LUKU, kiasi kilichonunuliwa mwezi huu si lazima kiwe kiasi kilichotumika mwezi huu. Soma mita tarehe ileile ya kila mwezi badala ya kujumlisha risiti. Pili, andika pia lita za dizeli ya jenereta, umeme wa jua ulipo kipimo, na kuni, mkaa au gesi ya jikoni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unazitaka taasisi ziachane na kuni na mkaa, na hakuna taasisi inayoweza kupanga bajeti ya kuhama bila kujua inachoma kiasi gani leo.

Daftari la ukurasa mmoja

Wafanyakazi wengi wa afya wanazijua S tano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Daftari hili ni mali ya zile mbili za mwisho. Hatua zake ni hizi:

1. Mteue mtu mmoja kwa jina la cheo, kwa mfano afisa afya, na msaidizi wake, ili likizo isikate mfululizo.
2. Kila tarehe mosi, saa ileile, asome dira ya maji na mita ya umeme, apige picha, aandike.
3. Siku hiyohiyo achukue kutoka MTUHA siku-kitanda, mahudhurio, uzazi na upasuaji.
4. Akokotoe namba tatu: lita zilizotumika, lita zilizohitajika, na yuniti za umeme kwa siku-kitanda.
5. Kila miezi mitatu, kipimo cha usiku kifanyike.
6. Kila wiki, klorini iliyobaki kwenye maji ya bomba la mbali kabisa na tangi ipimwe. Isiwe chini ya miligramu 0.2 kwa lita.
7. Namba zibandikwe ubaoni na kusomwa kwenye kikao cha asubuhi.

Baada ya miezi kumi na miwili, kituo kitakuwa na mwaka wa msingi wa kujilinganisha. Hapo ndipo hospitali ya Musoma, ya Bunda na kituo cha Butiama zinapoweza kuketi pamoja na kuuliza kwa nini mmoja anatumia lita 70 kwa kazi ambayo mwingine anaifanya kwa 110. Swali liulizwe kwa nia ya kujifunza. Mwenye namba kubwa akiaibishwa, mwezi ujao atapika namba.

Nafasi ya mgonjwa na ndugu zake

Mgonjwa anayeona choo kinatiririka usiku kucha anaona kile ambacho mganga mfawidhi hakioni. Amwambie muuguzi wa zamu, na muuguzi aandike kwenye kitabu cha makabidhiano kama anavyoandika homa. Ndugu wafunge bomba baada ya kunawa. Lakini wasiwaze kuwa wanaisaidia hospitali kwa kutonawa. Maji ya kunawia mikono kabla ya kumshika mtoto mchanga si ya kubaniwa, na mgonjwa ana haki ya kuuliza yako wapi.

Hitimisho

New York na Chicago zilihitaji sheria ili wenye majengo wasome mita zao. Hospitali ina sababu iliyo karibu zaidi. Lita 150 zinazopotea kila saa chini ya njia ya kuendea wodi ya wazazi ndizo zinazokosekana ndani ya wodi hiyo msukumo unapopungua. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hicho, kikitoboka, huisha haba na haba. Dira iko ukutani. Tarehe mosi ijayo, isomwe.

Maswali ya kujipima

1. Kituo kina siku-kitanda 600, mahudhurio 2,000 ya wagonjwa wa nje na akina mama 70 waliojifungua kwa mwezi. Kwa lita 40 kwa mgonjwa aliyelazwa, kinahitaji yuniti ngapi za maji? (Jibu: lita 24,000 + 10,000 + 7,000 = lita 41,000, yaani yuniti 41.)
2. Dira ya kituo hicho ikionyesha yuniti 25, utachunguza mambo gani kabla ya kuwasifu watumishi kwa kubana matumizi?
3. Yuniti za umeme kwa siku-kitanda zimepanda mwezi huu. Taja sababu mbili njema na mbili mbaya zinazoweza kuleta hali hiyo.
4. Katika kituo chako, nani anajua dira ya maji ilipo? Kama jibu ni mtu mmoja tu, nani atakuwa wa pili?